Daktari Teodora na Mgonjwa wa Kwenye Simu

Sehemu ya Sita

Tulimwacha Daktari Teodora Ndalahwa ndani ya gari lake, nje ya geti la nyumba yake huko Pasiansi, hana nguvu hata za kupiga honi.

Kwa wewe unayejiunga nasi leo: Teodora ni daktari bingwa wa ngozi katika hospitali moja jijini Mwanza. Tangu mwaka juzi ana ukurasa wake mtandaoni, anafundisha watu habari za mkorogo, fangasi na mabaka. Alianza kwa kujifurahisha baada ya kazi. Siku hizi watu wanamtambua sokoni, na simu yake haipoi.

Kilichopoa ni nyumba.

Mumewe, Gidion Okech, ni msimamizi wa wakata minofu katika kiwanda cha samaki. Miezi kadhaa iliyopita alihamia chumba cha pili, akasema mwanga wa simu unamnyima usingizi. Kisha akaanza kuvaa mikono mirefu hata jua likiwa kali, kujifungia akioga, na kulaza simu yake kifudifudi mezani. Teodora hakuhitaji kuambiwa. Alijua kuna mwanamke.

Jambo hilo hakumwambia dada yake, wala mchungaji, wala Gidion mwenyewe. Alimwambia mgonjwa.

Mgonjwa huyo alikuwa hajawahi kumwona. Alimwandikia kupitia akaunti isiyo na picha, iliyoitwa Mtu wa Ziwani. Alikuwa na baka jeupejeupe juu ya kiwiko, lisilowasha wala kuuma. Teodora alimwambia mara nyingi aende hospitali. Mtu yule alijibu kwamba akienda atajulikana, na akijulikana kazi imekwisha. Basi wakaendelea kuandikiana. Leo dawa, kesho pole za kazi, kesho kutwa habari za nyumbani. Mpaka siku moja Teodora, akiwa amechoka kuliko kawaida, akaandika: "Hata mimi nina yangu. Mume wangu ana mtu nje. Nasubiri tu aseme."

Jibu lilichelewa sana kuja. Lilipokuja lilisema: "Pengine hana mtu, daktari. Pengine anaogopa."

Teodora alilisoma mara mbili, akashukuru moyoni kwamba duniani bado kuna watu wapole.

Wiki iliyofuata akamwomba ruhusa ya kuiweka picha ya lile baka ukurasani ili watu wajifunze. Mtu wa Ziwani akakubali. Picha ikawekwa Ijumaa jioni, akiwa ndani ya lile gari nje ya geti. Chini yake Teodora aliandika kwamba baka lisilokuwa na hisia linaweza kuwa ukoma, kwamba ukoma upo na unatibika, na kwamba dawa zake ni bure.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa sikiliza yaliyotokea Jumatatu.

*

Asubuhi hiyo foleni ya kliniki ilifika mpaka kwenye ngazi. Nusu ya waliokaa kwenye mabenchi walikuwa wameshika simu, na kwenye simu hizo kulikuwa na ile ile picha ya Ijumaa.

Kabla Teodora hajakaa, Daktari Nestory aliingia. Nestory ndiye mkuu wa idara, mtu mfupi asiyependa kupaza sauti. Wiki mbili nyuma alikuwa amemwita Teodora ofisini na kumweleza kwamba ukurasa wake ni kitu kizuri, lakini ukurasa ni wa kufundishia, si wa kutibia. Mgonjwa hatibiwi kwa picha na ujumbe. Teodora aliitikia ndiyo, akarudi nyumbani, akafungua simu, akamjibu Mtu wa Ziwani.

Safari hii Nestory hakusema hayo. Alisimama mlangoni akaangalia foleni.

"Hawa wote ni wa picha yako?" aliuliza.

"Nadhani wengi wao."

"Hata tangazo la wizara halijawahi kutuletea watu hivi." Akakuna kidevu. "Mwenye picha amekubali?"

Teodora alisema amekubali. Nestory akauliza kama amekubali kwa maandishi, akijua picha itakakofika. Teodora alisema ni kwa ujumbe wa simu. Nestory aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeamua kulihifadhi neno kwa siku nyingine, akaenda zake.

Wa nne kuingia alikuwa mama wa makamo kutoka Misungwi, jina lake Dorotea, mkulima wa mpunga. Teodora alimwamkia, mama akaitikia marahaba. Alitoa simu kwenye mfuko wa gauni, akaitafuta picha, akaiweka mezani. Halafu akateremsha khanga begani.

Alikuwa na mabaka mawili. Yalifanana na lile la kwenye simu kama mapacha.

Alieleza taratibu kwamba ana mwaka wa nne sasa. Dukani alipewa dawa ya fangasi, akapaka hadi ikaisha. Kwa mganga aliambiwa ni mkono wa jirani. Mumewe aliacha kula naye sahani moja, ingawa hakuwahi kusema kwa nini. Ijumaa wenzake wa kwaya walitumiana ile picha, akaiona akiwa anapepeta mchele.

Teodora alimpima. Alimfumba macho, akamgusa kwa pamba, hapa na pale. Akaikagua mishipa ya fahamu shingoni na kwenye viwiko. Kisha akakaa karibu naye, akamwambia ukweli wote: kwamba huu ni ukoma, kwamba atapona, kwamba akishaanza dawa hawezi tena kumwambukiza mtu, na kwamba mumewe naye aje apimwe.

Dorotea hakulia. Alivuta khanga akajifunika vizuri. Kisha akagusa kioo cha simu kwa kidole.

"Na huyu, dakitari," alisema. "Huyu mwenye mkono. Anaendereaje?"

Teodora aliinamia kadi ya mama, akaandika. Aliona haya, kwa sababu kwa wiki nyingi alikuwa amemweleza mtu huyo siri za kitanda chake, na hakujua hata kama ameanza dawa.

"Ukimuona umsarimie," Dorotea akasema. "Umwambie nimekuja kwa sababu yake."

*

Simu ya Sharon iliingia saa ya chakula.

Sharon ni mdogo wake Gidion. Ana duka la vitenge Mabatini, na yeye na Teodora wamepatana tangu siku ya mahari. Hupigiana kucheka. Lakini siku hiyo sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia akanawa uso.

"Wifi, nakuuliza jambo, na unijibu kama ndugu," alisema. "Kaka yangu amekukosea nini?"

Teodora alifikiri hatimaye siku imefika. Yule mwanamke amejulikana. Alisema hata yeye alikuwa anasubiri kuelezwa, kwamba kama familia inajua jambo basi wamwambie, amechoka kuishi kwa kubahatisha.

Sharon alimkatiza.

"Mimi nazungumzia picha," alisema.

"Picha gani?"

"Hiyo ambayo nchi nzima inaiangalia. Umemwanika kaka yangu, wifi. Umeandika ukoma chini ya mkono wa kaka yangu."

Teodora alimwambia amekosea. Mwenye mkono ule ni mtu wa mtandaoni, hamjui, hata jina lake hana. Alisema hivyo kwa sauti ya kidaktari, ile anayoitumia kutuliza ndugu wa wagonjwa.

"Angalia kona ya chini," Sharon akasema. "Mkono umelalia nini?"

Teodora akaitazama picha.

Mkono ulikuwa umelalia foronya. Kipande kidogo tu cha foronya nyeupe, na juu yake pembe ya ua jekundu lenye majani ya bluu, la kudarizi kwa mkono. Mama yao Gidion, kule Rorya, aliwadarizia watoto wake kila mmoja foronya yake kabla macho hayajamwishia. Bluu ile kwenye majani ya foronya ya Gidion peke yake ilitokana na kukosekana kwa uzi wa kijani dukani mwaka ule. Hakuna mahali pengine duniani panapopatikana ua lile.

Teodora ameishi na foronya hiyo tangu afunge ndoa. Ameifua. Ameianika. Ameilalia. Na picha ile aliikuza, akaipunguza, akaongeza mwanga, akaikata pembeni ili mgonjwa asitambulike. Aliliona baka vizuri sana. Kingine hakukiona.

Sharon alikuwa anaendelea kusema, anauliza kama mama aambiwe au asiambiwe. Teodora alimwomba asimwambie mtu yeyote mpaka jioni. Alimwomba kama anavyoomba mtu aliyeshikwa shati. Sharon akakubali, akakata simu bila kuaga.

*

Ungedhani aliacha kila kitu akakimbilia nyumbani. Hakukimbia. Mabenchi yalikuwa yamejaa, na watu walikuwa wametoka mbali. Aliwaona mmoja mmoja. Aliandika dawa, akaagiza vipimo, akajibu shikamoo za wasichana waliotaka kupiga naye picha. Yote hayo aliyafanya kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa na hataki imwagike.

Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine alifungua simu, akaanza kuyasoma mazungumzo yale upya tangu mwanzo.

Mtu wa Ziwani: "Mke wangu ni mtu wa watu. Kila mtu anamhitaji."

Yeye: "Mweleze hofu yako. Mke anayekupenda atakusikiliza."

Mtu wa Ziwani: "Hana saa, daktari. Akifika nyumbani anakuwa ameishia njiani."

Yeye: "Basi huyo si mke wa kutegemea. Nieleze mimi."

Alifunga simu. Akaifungua tena. Akaona lile neno lake kuhusu mume mwenye mtu nje, na chini yake jibu lililochelewa kuja. Alijaribu kukumbuka ilikuwa siku gani, na Gidion alikuwa wapi. Akakumbuka. Alikuwa upande wa pili wa ukuta. Teodora alikuwa amesikia kitanda kikilia, kama mtu anayekaa kitako ghafla, akadhani anazungumza na mwanamke wake.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Hawakusema lolote kuhusu mganga aliyeshindwa kumwona mgonjwa wa nyumba moja naye.

*

Gidion alikuwa ametoka zamu ya asubuhi. Teodora alimkuta uani, ameinamia karai, anasugua buti zake nyeupe za kiwandani. Shati la mikono mirefu lilikuwa limelowa mpaka kwenye viwiko, na hakuwa amelikunja.

Alimwangalia mkewe usoni mara moja tu.

"Sharon amekupigia na wewe," alisema.

Teodora alivuta ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kuanzia. Yote yalipotea. Alibaki na swali moja.

"Kwa nini hukuniambia, Baba Princess?"

Gidion aliendelea kusugua. Alisema kiwandani wanaoshika samaki hukaguliwa afya kila baada ya muda, mikono na ngozi, na zamu yake ya kukaguliwa ipo mwezi ujao. Alisema kuna kijana wa kitengo cha barafu aliwahi kuonekana na upele wa kawaida tu, akaambiwa apumzike, na hadi leo anapumzika. Alisema angekuja hospitali angelazimika kupita mbele ya wauguzi wanaomwita shemeji. Alisema Princess, binti yao, yuko bweni, ada analipa yeye, na watoto wa shule wana midomo.

"Hayo ni ya kiwandani na hospitali," Teodora alisema. "Mimi ni wa nyumbani. Nyumbani nilikuwa wapi?"

Brashi ilisimama.

"Nyumbani nilikutafuta sikukupata," Gidion alisema. "Nikakufuata huko uliko."

Hakulisema kwa hasira. Teodora angependa akasirike, angalau na yeye apate pa kushikia. Gidion alieleza tu, kama mtu anayeelekeza njia. Mara ya kwanza alipoliona baka alikwenda kumwonyesha, akamkuta anarekodi video, akaashiriwa kwa mkono asubiri. Akasubiri. Mara ya pili alimkuta kwenye matangazo ya moja kwa moja, anawajibu watu wa Kigoma na Songea. Gidion alikaa sebuleni, akamsikiliza mkewe kupitia simu yake mwenyewe, akaona jinsi anavyojibu kila anayeuliza. Ndipo akafungua akaunti isiyo na picha, akauliza. Akajibiwa papo hapo.

"Na ulinijibu vizuri," alisema. "Ulinipa pole. Ilikuwa muda mrefu hujanipa pole."

Teodora alificha uso mikononi. Alitaka kulia, lakini machozi nayo yalikuwa yamechoka.

"Nilikwambia una mwanamke."

"Uliniambia."

"Ukaninyamazia."

"Ningesema nini? Ningesema ni mimi, ningelazimika kusema na lingine." Alimwaga maji ya karai chini ya mti wa mpera. "Nilijaribu kukwambia kwamba naogopa. Nililiandika."

Jirani alipita nje ya uzio, akawasalimu, wote wawili wakaitikia salama.

*

Waliingia ndani. Teodora alivuta pazia la sebuleni, akaleta pamba. Alimwomba avue shati.

Mara ya mwisho kumwona mumewe mgongo wazi ilikuwa lini, hakukumbuka. Alikuwa amekonda. Baka lilikuwa pale juu ya kiwiko, kubwa kuliko kwenye picha, na nyuma ya bega kulikuwa na jingine ambalo Gidion mwenyewe hakulijua.

"Funga macho," alimwambia. "Nikikugusa, nionyeshe wapi."

Alichambua pamba ikawa nyembamba kama unywele. Akamgusa shavuni. Gidion akaonyesha shavuni. Akamgusa kifuani. Akaonyesha kifuani. Akamgusa kiganjani, Gidion akatabasamu kidogo, akaonyesha.

Kisha akashuka kwenye baka. Akagusa katikati. Akagusa pembeni. Akagusa tena katikati, safari hii akikandamiza kidogo.

Gidion alikuwa amekaa macho yamefumbwa, kama mtoto anayesubiri kupewa kitu.

"Mbona huendelei?" aliuliza.

Teodora aliweka pamba chini, akamshika mkono, akapapasa nyuma ya kiwiko. Mshipa wa fahamu ulikuwa umevimba, mgumu kama kamba ya kufungia ndama. Akamwambia anyooshe vidole. Kidole cha mwisho kilikuja nusu, kikaishia hapo. Gidion akafumbua macho na kueleza kwamba mwezi uliopita alijikata kidole hicho kwa kisu cha minofu. Hakujua mpaka mkata minofu mmoja, Paulo, alipomwonyesha damu kwenye meza.

Mambo aliyomwambia Dorotea asubuhi, sasa alimwambia mumewe. Kwamba atapona. Kwamba dawa ni bure. Kwamba akishaanza, hata wakilala kitanda kimoja hakuna ubaya. Lakini kulikuwa na sentensi moja ambayo Dorotea hakuhitaji kuisikia, na Gidion aliihitaji: mshipa ukishaliwa, dawa huua ugonjwa, lakini si lazima iurudishe mshipa. Kidole kile huenda kikabaki vile. Wangefika mapema, kingepona.

Gidion alikitazama kidole chake kwa muda.

"Na wewe?" aliuliza. "Umejipima?"

Teodora alisema atapimwa kesho. Hapo hapo akampigia Nestory, akamweleza yote, bila kuficha, hata yale aliyoyaandika kwenye simu. Teodora alisubiri kusemwa. Nestory akasema tu waje wote wawili asubuhi, waingilie mlango wa nyuma, atawaona yeye mwenyewe kwa sababu daktari hamtibu mumewe. Kisha akaongeza kwamba picha itolewe leo.

"Ningekusema, Teo," alimaliza, "lakini nimesikia sauti yako. Kalale."

*

Magharibi ilipoingia walikuwa wamekaa sebuleni, sahani za ugali na sato hazijamaliziwa. Teodora aliifungua simu. Inboksi ilikuwa imejaa. Watu walikuwa wanatuma migongo, mapaja, mashavu ya watoto. Wengine walikuwa wameshakwenda vituo vya afya na wanashukuru. Wengine walikuwa wanatukana: mwenye ukoma amelaaniwa, apelekwe kisiwani, apigwe picha ya uso ili watu wamkwepe. Alijaribu kuugeuza uso wa simu Gidion asione. Gidion alikuwa ameshasoma yote kwa simu yake.

Teodora akamweleza mpango. Picha ataitoa sasa hivi. Ataikata upya, foronya isionekane hata uzi, na kesho ataiweka tena ili watu waendelee kujifunza. Sharon atanyamaza. Nestory ni kaburi. Kiwandani ataomba likizo fupi, akirudi atakuwa anatibiwa na hana la kuambukiza. Hakuna atakayejua.

Gidion aliitikia. Alisema ni mpango mzuri.

Ndipo Teodora, kwa kutafuta tu neno la kusema, akamweleza habari za mama wa Misungwi. Alieleza mabaka yake, kwaya yake, mumewe aliyeacha kula naye. Akaeleza alivyogusa kioo cha simu na kuuliza mwenye mkono anaendeleaje.

"Aliuliza hivyo?"

"Aliuliza. Na akakusalimu. Alisema amekuja kwa sababu yako."

"Wewe ulimjibu nini?"

"Sikuwa na la kumjibu."

Gidion alikaa akiangalia pazia. Halafu akainuka, akakusanya sahani kwa mkono wake mzima, akazipeleka jikoni. Teodora alisikia maji, kisha akasikia mlango wa chumba cha pili ukifungwa pole pole. Aliumia kidogo. Alikuwa amedhani usiku huo angerudi chumba cha kwanza. Lakini hakuwa na nguvu ya kumfuata. Alijiambia mambo mengine hayaponi kwa siku moja.

Akaifungua ile picha. Akabonyeza pembeni, likatokea neno Futa. Simu ikauliza, kama zinavyouliza simu, kama ana uhakika.

Juu ya kioo likapita neno jipya. Mtu ameandika chini ya picha.

Halikutoka kwa Mtu wa Ziwani. Akaunti ilikuwa na picha, na picha hiyo Teodora aliifahamu sana, kwa sababu ndani yake amesimama yeye mwenyewe na shela, na kando yake kijana wa Rorya aliyevaa suti ya kuazima.

"Mkono huu ni wangu," ilisema. "Naitwa Gidion Okech. Nafanya kazi kiwandani Mwanza. Kesho naanza dawa. Mama wa Misungwi, naendelea vizuri, na wewe pole."

Teodora aliyasoma maneno hayo huku kidole kimesimama hewani. Akiifuta picha sasa, yote yatafutika nayo, na bado ilikuwa mapema, pengine hakuna aliyeyaona.

Simu ikatetemeka. Chini ya maneno ya Gidion likajitokeza jingine. La Paulo, mkata minofu.

"Bosi, ni wewe?"

Nyuma yake likaja la mtu mwingine wa kiwandani, kisha jingine, na neno Futa lilikuwa bado linasubiri.